Baikaboneti Horini: Kutafuta Chanzo cha Asidi Tumboni mwa Ng'ombe wa Maziwa Kabla ya Kununua Mfuko Mwingine

Wafugaji wengi wanaofuga ng'ombe wa maziwa bandani, kuanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru hadi Njombe na Kiambu, wamewahi kushauriwa waongeze "magadi", yaani baikaboneti ya sodiamu, unga mweupe unaopunguza asidi, kwenye pumba pale maziwa yanapopungua au kinyesi kinapolegea. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila umegeuzwa kuwa dawa ya kila kitu, na matokeo yake ni mifuko inayonunuliwa kila mwezi huku tatizo likiendelea kukaa pale pale horini. Maelezo haya yanafuata dalili moja baada ya nyingine, na kwa kila dalili yanauliza kama kweli chanzo ni asidi, na kama ni asidi, kwa nini imezidi.

Tumbo kubwa la ng'ombe, ambalo wataalamu huliita rumeni, ni pipa la kuchachushia. Vijidudu vilivyomo huvunja majani na nafaka na kutoa asidi, na asidi hizo ndizo chakula chenyewe cha ng'ombe, kwa hiyo asidi si adui. Kwa kawaida pH ya rumeni (kipimo cha asidi, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) hupanda na kushuka kati ya 6 na 6.8 hivi katika siku moja. Tatizo huanza pale wanga mwingi unapoingia kwa mkupuo na pH ikashuka chini ya 5.8 au 5.5 na kubaki huko kwa saa kadhaa kila siku. Vijidudu vinavyosaga nyuzi hudhoofika, ukuta wa rumeni huwaka, na ng'ombe huanza kuonyesha dalili ndogo ndogo ambazo hakuna hata moja inayotosha kuthibitisha ugonjwa peke yake.

Kinga ya kwanza dhidi ya hali hiyo ni mate. Ng'ombe mkubwa hutoa lita 100 hadi 150 za mate kwa siku, na mate hayo hubeba zaidi ya kilo moja ya baikaboneti ya sodiamu. Kipimo cha kawaida cha baikaboneti ya dukani ni gramu 100 hadi 200 kwa ng'ombe kwa siku, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya kile anachojitengenezea mwenyewe. Kwa makadirio, saa mbili za kucheua zikipotea kwa sababu majani yamekatwa laini kupita kiasi au hayakutosha, kiasi kinachopotea pamoja na mate kinaweza kulingana na chote ulichopima kutoka mfukoni. Mfugaji atakayelishika jambo hili moja atapunguza sana makosa yanayoelezwa hapa chini.

Je, kilichomo mfukoni ni baikaboneti kweli?

Ningependa swali hili litangulie mengine yote, kwa kuwa nimeona vitu vinne tofauti vikiuzwa au kutumiwa kwa jina la magadi. Cha kwanza ni baikaboneti ya sodiamu yenyewe, unga mweupe laini. Cha pili ni magadi ya ziwani, yale mawe ya kijivu au meupe yanayotoka Ziwa Natron na Ziwa Magadi, ambayo ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti. Yanapunguza asidi, tena kwa nguvu zaidi, lakini huweza kubeba floraidi nyingi, na mtu yeyote aliyekulia Arusha na Meru anajua meno ya kahawia yanatokana na nini. Kumlundikia ng'ombe floraidi kila siku mahali ambapo maji ya kisima tayari yanayo si jambo la busara. Cha tatu ni chokaa ya mifugo, ambayo ni chanzo kizuri cha kalisi lakini huyeyuka kidogo mno katika rumeni kiasi kwamba haifai kutegemewa kudhibiti asidi. Cha nne ni beking pauda ya keki, ambayo imekwisha kuchanganywa na asidi na wanga, hivyo nguvu yake hujimaliza yenyewe inapokutana na maji.

Kuna majaribio mawili ya jikoni. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga huo katika glasi ya maji safi, koroga, kisha subiri dakika tano. Baikaboneti huyeyuka na maji hubaki meupe yanayoonyesha upande wa pili, ilhali chokaa hutulia chini kama vumbi la ukuta. Halafu kamulia limau juu ya kijiko kingine kikavu. Baikaboneti hutoa povu papo hapo. Chokaa nayo hutoa povu, ndiyo maana jaribio moja halitoshi, na chumvi huyeyuka bila kutoa povu lolote. Unga unaoyeyuka wote na pia kutoa povu ndio unaoutafuta, na ukiteleza vidoleni kama sabuni unapoloweshwa, shuku kwamba ni magadi makali ya ziwani au ya kufulia.

Mbolea ya urea nayo ni nyeupe na huyeyuka majini, lakini haitoi povu kwa limau, na glasi hupoa mkononi inapoyeyuka. Usiiweke kamwe stoo moja na vyakula vya mifugo. Mfuko wa urea usio na jina umeua ng'ombe wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na baikaboneti si dawa ya sumu hiyo. Kinyume chake, kuongeza alikali, yaani kitu kilicho kinyume cha asidi kama baikaboneti, katika rumeni yenye urea nyingi huharakisha amonia kuingia kwenye damu.

Dalili: mafuta ya maziwa yameshuka

Hii ndiyo dalili inayowaleta wengi dukani, hasa pale kituo cha kukusanyia maziwa kinapolipa kwa ubora. Anza kwa kuhakikisha kwamba mafuta yameshuka kweli. Laktomita haipimi mafuta. Inapima uzito wa maziwa ukilinganishwa na maji, na kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, maziwa yaliyopungukiwa mafuta huonekana mazito zaidi na kupita kipimo vizuri sana. Ili kujua mafuta unahitaji kipimo cha Gerber au mashine ya kuchanganua maziwa.

Kisha uliza sampuli ilichukuliwaje na nani alinyonya. Maziwa ya mwanzo wa kukamua yana mafuta kidogo na ya mwisho yana mafuta mengi. Pale ambapo ndama huachiwa kumalizia kiwele baada ya kukamua, ndama ndiye anayekunywa krimu, na ndoo inayokwenda kituoni hubaki na sehemu nyepesi. Hakuna mfuko wa baikaboneti utakaorekebisha hilo. Wala ng'ombe wa aina ya Friesian hatatoa mafuta kama ya aina ya Jersey, asilimia 3.5 kwa Friesian si ugonjwa.

Ikiwa sampuli ni sahihi na ndama hahusiki, tazama vyanzo viwili vinavyofanana kwa nje. Kimoja ni asidi: pumba nyingi zenye unga, mahindi ya kuparaza, viazi au molasi, huku majani yakiwa machache. Kingine ni mafuta ndani ya chakula chenyewe. Mashudu ya alizeti yanayotoka kwenye mashine ndogo za kukamulia hubaki na mafuta mengi, na mafuta hayo, yakichakatwa nusunusu na vijidudu, huzaa viambata vinavyokiamuru kiwele kipunguze kutengeneza mafuta. Bonyeza mashudu ndani ya karatasi ya daftari kwa dakika moja. Karatasi ikibaki na doa linalopitisha mwanga, mafuta ni mengi. Katika hali hiyo dawa ni kupunguza mashudu hayo au kuyabadilisha na ya pamba au yaliyokamuliwa vizuri zaidi. Baikaboneti itasaidia kidogo tu, na inasaidia pale ambapo asidi nayo ipo, kwa kuwa mambo haya mawili hupenda kwenda pamoja.

Pale ambapo asidi ndiyo chanzo, baikaboneti ya gramu 100 hadi 150 kwa siku kwa ng'ombe wa lita 15 hadi 20 ni mwanzo mzuri, na mabadiliko ya mafuta yanatarajiwa kuonekana ndani ya wiki mbili au tatu. Kiasi hicho kinatokana na hesabu rahisi: ng'ombe wa namna hiyo hula kilo 14 hivi za chakula kikavu, ukiondoa maji yaliyomo kwenye majani, na kipimo kinachokubalika ni asilimia 0.75 hadi 1 ya chakula hicho. Pima mara moja kwa mizani ya jikoni, kisha tia alama kwenye kikombe. Anza na robo ya kipimo na upandishe kwa muda wa wiki moja, kwa sababu ladha yake huwachukiza baadhi ya ng'ombe. Oksidi ya magnesiamu inaweza kuongezwa kwa uwiano wa sehemu moja kwa mbili au tatu za baikaboneti. Nayo huinua pH na pia imeonekana kusaidia mafuta ya maziwa, lakini ni chungu zaidi na ubora wake hutofautiana sana kati ya mfuko na mfuko.

Dalili: kinyesi kimelegea, kina mapovu au punje

Hapa kuna kipimo cha bure ambacho wafugaji wengi hukionea aibu. Chukua kikombe kimoja cha kinyesi kipya, kitie kwenye chekeche la jikoni ambalo halitarudi jikoni, na ukisuuze chini ya bomba hadi maji yatoke safi. Ukiona punje za mahindi nzima au vipande vyake, wanga unapita bila kusagwa. Ukiona nyuzi ndefu kuliko upana wa kidole gumba, rumeni haikuzishikilia muda wa kutosha. Na ukikuta utando mwembamba kama ngozi ya utumbo, unaonyumbulika na kung'aa, ujue kwamba uchachushaji umehamia utumbo mpana na ukuta wake unajeruhiwa. Mambo hayo matatu yakiwa pamoja, hasa kwa ng'ombe zaidi ya mmoja, yanaelekeza kwenye asidi kwa uzito kuliko ulaini wa kinyesi peke yake.

Ulaini peke yake una sababu nyingi. Mwanzo wa masika, matete machanga yenye maji mengi hulegeza kinyesi cha kila ng'ombe bila ugonjwa wowote. Subiri yafike urefu wa mita moja hivi kabla ya kuyakata, au uyaache yanyauke nusu siku. Minyoo hulegeza kinyesi na kupunguza unene polepole. Kinyesi chenye damu au harufu kali pamoja na homa ni kazi ya daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Na kama ulianza kutoa oksidi ya magnesiamu wiki iliyopita, chunguza kipimo chako, kwa maana ikizidi huharisha kama chumvi ya haluli inavyomharisha mtu.

Dalili: leo anakula vizuri, kesho anasusa

Kula kwa kupanda na kushuka ni alama ya asidi isiyo kali ambayo mara nyingi husahaulika. Pumba zikimzidi, pH hushuka, naye huacha kula. Akiacha kula, pH hupanda, njaa humrudia, naye hula kwa pupa na mzunguko kuanza upya. Mfugaji huona ng'ombe "mwenye kuchagua".

Kabla ya kuamini hivyo, mpime joto. Joto la kawaida la ng'ombe ni kati ya nyuzi 38 na 39.3 hivi za Selsiasi, na asidi isiyo kali kwa kawaida haileti homa. Homa ya nyuzi 40 na kuendelea pamoja na tezi zilizovimba ni ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kila saa inayopotea kwa kujaribu magadi ni hasara. Ng'ombe aliyezaa wiki mbili hadi sita zilizopita na anayekataa pumba lakini anakula majani, tena akikonda haraka, anaweza kuwa na ketosisi, yaani ugonjwa wa kupungukiwa nguvu mwilini baada ya kuzaa. Anayesimama amepinda mgongo na kuguna anapoteremka mteremko pengine amemeza msumari au kipande cha waya.

Yote hayo yakiondolewa, mtazame akicheua. Nenda bandani wakati wa utulivu, saa mbili hivi baada ya kula, ukae kimya. Kati ya ng'ombe waliolala, angalau nusu wawe wanacheua. Mwenye ng'ombe mmoja na ahesabu mara anazotafuna kila tonge kabla ya kulimeza. 50 hadi 70 ni kawaida, na chini ya 50, tonge baada ya tonge, humaanisha kwamba nyuzi hazitoshi. Tatizo kwa kawaida liko kwenye mashine ya kukatia majani iliyowekwa fupi mno, ilhali vipande vya urefu wa pingili moja au mbili za kidole vinatosha, au liko kwenye ratiba. Kilo nne za pumba zinazomwagwa kwa pamoja wakati wa kukamua asubuhi, tumbo likiwa tupu, ni shambulio. Gawa, usizidishe kilo mbili na nusu hivi kwa mlo, na utangulize majani. Mara nyingi mabadiliko haya mawili pekee hurudisha ulaji katika hali yake ndani ya wiki, na baikaboneti haikuhitajika.

Kiangazi kina mtego wake. Mabua makavu ya mahindi hayaliwi vizuri, mfugaji huona hori limejaa na kudhani majani yanatosha, kumbe ng'ombe amechagua yaliyo laini na kuacha mabua, halafu akashiba pumba. Pima kilichobaki horini, si kilichowekwa.

Tanga, Mombasa na mahali pengine penye joto la pwani kuna sababu ya ziada. Ng'ombe anayehema kwa joto hupoteza kaboni dioksidi nyingi kwa pumzi, mwili wake hutupa baikaboneti kupitia mkojo ili kusawazisha damu, na mate yanayodondoka sakafuni hayafiki rumeni. Hapo baikaboneti ina kazi halisi ya kufanya, na ningeitoa bila kusitasita katika miezi ya joto, pamoja na maji ya kutosha na sehemu kubwa ya chakula ikitolewa jioni na usiku.

Dalili: anachechemea

Kwato ni daftari la makosa ya zamani. Uvimbe wa ndani ya kwato unaotokana na asidi huonekana wiki sita hadi nane au zaidi baada ya kosa lenyewe, kwa hiyo kuanza baikaboneti leo hakuponyi mguu wa leo. Rudisha nyuma kalenda: ulibadilisha nini miezi miwili iliyopita? Mara nyingi jibu ni kuzaa, ambapo pumba zilipandishwa kutoka sifuri hadi kilo sita ndani ya siku chache badala ya wiki tatu. Sakafu ya saruji iliyolowa na kwato zisizopunguzwa huleta dalili ile ile.

Baikaboneti inatolewa, lakini hali ni ile ile au imekuwa mbaya

Kama bonge la madini lenye magadi limening'inizwa bandani likitumiwa na wote, usitegemee kwamba kila ng'ombe atajipimia. Mmoja atalamba sana na mwingine hatagusa. Changanya na pumba. Kama unga umeganda kwa unyevu, hautachanganyika.

Banda likilowa kuliko kawaida, kumbuka sodiamu. Gramu 200 za baikaboneti zina gramu 54 hivi za sodiamu, sawa na ile iliyomo katika gramu 140 hivi za chumvi ya kawaida. Ng'ombe atakunywa na kukojoa zaidi. Punguza chumvi nyingine na usimnyime maji hata kwa saa moja.

Kosa ambalo ni ghali kuliko yote ni kumpa baikaboneti ng'ombe mwenye mimba anayekaribia kuzaa. Sodiamu bila klorini husogeza damu upande wa alikali, na mwili wenye damu ya namna hiyo hushindwa kutoa kalisi kwenye mifupa kwa haraka siku ya kuzaa, ambapo maziwa huivuta yote kwa wakati mmoja. Matokeo ni homa ya maziwa: ng'ombe amelala, shingo imepinda, masikio baridi. Isitishe wiki tatu kabla ya tarehe ya kuzaa, kwa mitamba pia, ambao sodiamu nyingi huwavimbisha kiwele, na uianze tena baada ya kuzaa, sambamba na kupandisha pumba.

Amevunja mlango wa stoo na kula nafaka

Hili si suala la baikaboneti ya horini. Ng'ombe aliyekula ndoo nzima ya mahindi au unga anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa, kisha kati ya saa 12 na 36 akaanza kupepesuka, kuharisha maji yenye harufu ya uchachu, macho yakazama na rumeni ikasikika ikicheza kama maji ndani ya dumu. Mwite daktari wa mifugo kabla ya dalili, mara tu unapogundua kwamba nafaka imeliwa. Ondoa vyakula vyote vya wanga na umpe hei au nyasi kavu peke yake. Usimnyweshe kwa chupa ng'ombe aliyelala au anayeyumba, kwa sababu dawa itaingia mapafuni, wala usimwagie baikaboneti nyingi kwa mkupuo, kwani inapokutana na asidi hutoa gesi ghafla na kumjaza tumbo. Daktari ana mrija wa kupitishia dawa tumboni na dripu ya kurudisha maji mwilini. Atakapofika, mwambie saa uliyokuta mlango umevunjwa, ni ndoo ngapi zilizopungua, ana mimba ya miezi mingapi, na kama kuna unga wowote mweupe ambao mtu wa nyumbani alikwisha kumpa.